Tuba Isikike Hadi Kiti cha Mwisho

4 Februari

Kaka Waya,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kama wewe na wifi nanyi ni wazima basi afya tuiache, nina mengine ya kulalamikia.

Tangu mwaka uanze nimepiga simu mara nne kwenye duka la dawa la jirani yako. Mara tatu muuza dawa alirudi kuniambia umebanwa na kazi. Mara ya nne ukaja mwenyewe, nikafurahi, nikaanza kueleza, nawe ukasema ndiyo, ndiyo, haya niandikie, ukakata. Nilikuwa bado niko kwenye salamu. Kama una kinyongo kwa yale niliyokuambia siku ya msiba wa mama, sema tu. Kama huna, haya, nimeandika.

Shida ni tuba. Bendi yetu unaijua: tarumbeta mbili, trombone, saksafoni, ngoma, mwimbaji anayejiona, na mimi kule nyuma na dude langu la shaba. Mwaka wa kumi na moja huu nikitoka kwa dobi, nikimaliza kupiga pasi nguo za watu, nakimbilia mazoezini, na hakuna aliyewahi kusema sisikiki. Sasa kuna mwenye bustani ya sherehe, mahali pa wazi, viti mia mbili, anatafuta bendi ya kupiga kila Jumamosi. Atatusikiliza tarehe 27 Aprili mbele ya wageni wake. Juzi tulikwenda kupaona. Kiongozi wetu, tunamwita Kapteni, alikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa huku sisi tukipiga. Aliporudi alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kutoka kule mashavu yangu yanaonekana vizuri ila sauti haifiki.

Kuna jamaa ana gitaa la besi na amplifaya yake. Kapteni amenipa hadi siku hiyo. Tuba isikike hadi kiti cha mwisho, au nafasi yangu inachukuliwa na gitaa. Sikulia mbele yake, nililia nilipofika nyumbani.

Nimeulizia dukani bei ya vyombo vya kupazia sauti. Niliondoka muuzaji akiwa bado anataja. Wewe umefunga spika kwenye kumbi za watu miaka ishirini. Niambie mtu wa pasi afanye nini.

Mdogo wako,
Mapafu


13 Februari

Mapafu,

Marahaba. Sina kinyongo. Karakana ina makelele na simu ya yule muuza dawa inakwaruza, basi. Barua ni nzuri zaidi, mtu anajibu akiwa ametulia na anaweza kuchora.

Kwanza elewa shida yako. Mdomo wa tuba unatazama juu. Ukumbini dari lilikuwa linakurudishia sauti, bustanini hakuna dari, kwa hiyo unawapigia ndege. Dawa ni kuikamata sauti palepale inapotoka, kabla haijapaa.

Kipaza sauti usinunue. Tafuta redio kaseti iliyokufa, zile zenye kitundu mbele cha kurekodia. Nyuma ya kitundu kuna kipaza sauti kidogo kama kifungo cha shati, na mara nyingi hubaki kizima hata redio nzima ikiungua. King'oe polepole na waya zake. Kivishe sponji ya godoro, kishike kwa lastiki tatu za nguo, kining'inie ndani ya mdomo wa tuba, shubiri moja kutoka ukingoni. Lastiki ni ili mtikisiko wa shaba usipande kwenye kipaza sauti. Na usikizamishe zaidi ya shubiri, utasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii.

Spika ndogo hazikufai. Noti zako zinataka spika pana, inchi kumi na tano. Uliwahi kuniandikia kwamba sinema ya hapo kwenu imefungwa. Mtafute mlinzi, umuulize spika za nyuma ya pazia ziliishia wapi. Halafu spika hiyo inataka sanduku la mbao nene, na mbao nene unazo. Kabati la mama. Najua, mdogo wangu. Lakini limekaa tu hapo kwako, na mama hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae tu.

Amplifaya ninayo moja ya zamani, nitakuletea kwa basi. Nitakutengenezea pia kisanduku cha betri cha kuipa sauti nguvu kabla haijafika kwenye amplifaya, maana kile kipaza sauti peke yake ni dhaifu.

Wifi yako anakusalimu. Anasema ule.

Waya


27 Februari

Kaka,

Kabati limekatwa. Seremala alilizunguka mara mbili, akaniuliza kama nina akili timamu, kisha akaniuliza kama namuuzia. Nilimwambia ni amri ya kaka mkubwa, akashika msumeno. Mlango wenye kioo nimeubakiza, nimeuegemeza ukutani chumbani. Katika droo ya chini tulikuta kopo la vifungo vya mama, si unakumbuka alikuwa anang'oa vifungo kwanza kabla ya kuifanya nguo tambara. Nimekugawia nusu, utavikuta ndani ya bahasha.

Spika nimeipata. Mlinzi wa sinema alikuwa anaitumia kama meza. Nilimpelekea stuli, tukabadilishana, na kila mmoja wetu aliondoka akijiona mjanja.

Kipaza sauti kimetoka kwenye redio ya bosi wangu, ile iliyomwagikiwa wanga wa kunyooshea kola. Nimekifunga kwa lastiki nne kwa sababu tatu sikuziamini.

Jumapili ya wiki ijayo sina kazi. Nitapiga simu kwa muuza dawa, niiweke mbele ya tuba na kukupulizia wimbo mmoja, uniambie kama kimekaa mahali pake. Dakika tano tu, kaka. Nimekumbuka pia kukusikia.

Mapafu


2 Machi

Mapafu,

Usipige. Simu haibebi noti za chini, utapuliza bure na muuza dawa atakuchaji. Ukitaka nisikie, rekodi kanda uniletee.

Vifungo nimevipata. Nimevimwaga mezani nikakuta cha koti langu la shule.

Waya


8 Machi

Mapafu,

Furushi hili lina amplifaya, na kisanduku nimekijenga ndani ya kopo la dawa ya viatu. Bati linazuia uchafu wa umeme usiingie, na halikugharimu kitu, wifi yako alikuwa anataka kulitupa. Waya mwekundu unakwenda kwenye kipaza sauti, mweusi kwenye amplifaya. Betri moja inatosha mwezi ukikumbuka kuzima.

Nimekaa nacho mezani mchana kutwa kikiwa kimewashwa, spika ya majaribio imefunguliwa hadi mwisho. Kimya kabisa. Sijawahi kutengeneza kitu kilichotulia namna hii, nakuambia ukweli, nilijisikia fundi tena. Muuza dawa alikuja hadi mlangoni ameshika kichwa kwa mikono miwili, akasema maneno mawili matatu, akaondoka. Nadhani dawa zake zenyewe hazimsaidii.

Chomeka, puliza, uwanyamazishe.

Waya


19 Machi

Kaka,

Nilichomeka. Bendi nzima ilikuwa imesimama kutazama, hata mwimbaji alifunga mdomo. Nikawasha kisanduku, na kabla sijaisogelea tuba kikapiga mluzi. Si mluzi wa kusema labda utapita. Uliingia kichwani kama sindano na haukutoka. Mpiga trombone alikiacha chombo chake chini na kuziba masikio. Mbwa wa jirani walianza. Kapteni alikimbia kuchomoa waya mwenyewe.

Nilijaribu mara tatu siku tatu tofauti, nikabadilisha betri, nikasogeza spika. Ni vilevile. Chini ya mluzi tuba inasikika, inasikika sana, jambo linaloniumiza zaidi. Sasa hivi nikibeba lile kopo mkononi watu wanajisogeza. Na jana jamaa wa gitaa alikuja kutazama mazoezi, Kapteni akampa kiti.

Nakutumia kanda. Tafadhali isikilize yote, tangu mwanzo. Zimebaki wiki tano.

Mapafu


26 Machi

Mapafu,

Kanda nimeisikiliza mara nyingi. Mwanzoni kuna minong'ono ya watu wa mazoezi, imeenda ndefu, nimeipitisha. Baada ya hapo tuba inaingia, na nakuambia imekaa vizuri mno. Ni nene, ni safi, kila noti ina mwanzo na mwisho. Mama angekuwa hai angesimama.

Mluzi siusikii. Nimeurudia upande wote na hakuna mluzi. Hicho kisanduku nilikipima mimi kwa mkono wangu, na kilikuwa kimya. Kama huko kinapiga kelele basi kuna kitu mnakifanya nyinyi, au yule mwimbaji anakisogelea na kipaza sauti chake. Mwambie akae mbali. Watu wakimwona mtu na kitu kipya hutafuta la kusema.

Waya


30 Machi

Kaka,

Ile minong'ono ilikuwa mimi.

Dakika nane. Nilijifungia kwenye stoo ya dobi katikati ya mashuka ya watu, kwa sababu kuna maneno siwezi kuyaandika na wewe simu hutaki. Kwa kuwa uliyapitisha, nitayaandika kwa kifupi. Nilisema kwamba nimekusamehe. Kwamba wiki ile ya mwisho mama alikuita kutoka chumbani mara tatu, mimi nikiwa jikoni namsikia, na wewe ulikuwa barazani, hatua nne kutoka mlangoni pake, ukaendelea kufunga skrubu za redio ya mtu. Nilikuambia hivyo mbele ya ndugu wote siku ya msiba, nikakuita huna moyo, na hukujitetea hata kwa neno. Nimelibeba tangu siku hiyo. Kwenye kanda nilisema basi, yamekwisha, wewe ni kaka yangu.

Na wewe ukapitisha. Mluzi unaowatoa machozi watu wazima unaniambia haupo. Sijui tena kama unaisikiliza hiyo kanda au unaitazama.

Usihangaike na kisanduku. Nitatafuta fundi wa hapa, nikimkosa nitampisha jamaa wa gitaa.

Mimi


5 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Kaka yako hajui kama nakuandikia, na akijua patakuwa hapakaliki kwa siku mbili, lakini bora hizo siku mbili.

Barua yako aliisoma akaiweka kwenye droo ya vifaa, tangu hapo hasemi. Kwa hiyo nasema mimi. Kaka yako hasikii. Imeanza zamani, miaka yote ile ya kukaa ubavuni mwa maspika, ikaja kidogo kidogo, na miaka mitatu hii imeshika kasi. Sauti nyembamba zote zimemtoka. Birika likipiga kelele hajui. Mlango ukibishwa hajui. Mimi ananielewa nikiwa mbele yake na uso wangu uko kwenye mwanga, nikigeuka tu nimepotea. Kwenye simu anasikia watu wanaunguruma. Kilichobaki ni vitu vizito, lori likipita, ngoma, na hiyo tuba yako.

Ameniapisha nisimwambie mtu. Anasema nani atampelekea redio fundi asiyesikia. Anatengeneza kwa kutazama sindano ya mita, na anatengeneza vizuri, ila kuna siku mteja anauliza kitu na yeye anajibu kingine, halafu anacheka kana kwamba ni utani.

Mama alipomwita hakusikia, wifi. Nakuapia. Alijua kwamba aliitwa siku ulipomwambia mbele za watu.

Na kanda yako anaifungulia asubuhi na jioni. Anafumba macho anatabasamu, na mimi niko jikoni nimeweka pamba masikioni kwa huo mluzi. Upo, wifi, usitie shaka, upo na nusu.

Wifi yako


9 Aprili

Kaka Waya,

Shikamoo. Fundi wa hapa sikumtafuta. Kazi hii ni yako na mimi ni mikono yako tu, kwa hiyo nisome taratibu.

Kazini tuna pasi ya mvuke. Ukiiwasha kwanza inakoroma. Baada ya hapo inapiga mluzi, na baadaye mvuke wenyewe unatoka. Mluzi wa kisanduku ni kama ule wa katikati. Ni mwembamba kuliko sauti ya mwimbaji wetu akipanda juu kabisa, mwembamba kuliko filimbi ya mwamuzi, lakini haujafika kwa mbu. Haupandi wala haushuki. Unaanza hata nikiwa sijapuliza. Nikifunika kipaza sauti kwa kiganja hauachi. Nikizima amplifaya unakoma. Na jana niligundua jambo: nikigusa bati la kopo kwa kidole, unapungua. Nikilishika kwa mkono mzima, unakufa. Nikiachia, unarudi. Nimejaribu mara kumi, ni hivyo kila mara.

Hiyo ndiyo ripoti. Ukitaka kujua kingine uliza, nitakwenda kusikiliza na kukuandikia.

Sasa jambo la pili. Kile nilichosema kwenye kanda nakifuta. Nilikusamehe kosa ambalo hukulifanya, na nikalitangaza mbele ya ndugu wa mama yetu wakiwa wamevaa nguo za msiba. Aliyekosa ni mimi. Nilikusimanga na ukakubali kusimangwa, na hilo linaniuma kuliko maneno yangu yenyewe. Nisamehe, kaka. Usiniulize nimejuaje. Mtu anayesifia kanda ile mara nyingi hivyo amejisema mwenyewe.

Mapafu


14 Aprili

Mapafu,

Nimejua umejuaje. Wifi yako tangu wiki iliyopita ananipikia vitu ninavyovipenda na hanitazami usoni. Sijamgombeza. Nilikaa nikaona nimechoka.

La mama nitakuambia mara moja halafu tusilirudie. Sikumsikia. Uliponiambia pale msibani ndipo nilipojua, na nilikuwa na sekunde moja ya kuchagua. Walikuwepo wateja wangu wawili, na mwenye ukumbi ninayemfungia spika. Niliona heri waondoke wakisema fundi hana moyo kuliko waondoke wakisema fundi hasikii. Nilichagua vibaya. Ningekuambia wewe peke yako hata baadaye, lakini kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, na mwishowe nikawa nakukimbia kwenye simu kama mtu mwenye deni lako. Kila nikiwaza aliita mara tatu, nawaza alidhani nini kuhusu mimi. Hilo halina fundi. Nimekusamehe kabla hujaomba, tangu siku ileile.

Sasa kisanduku. Umeniandikia ugonjwa wote, daktari yeyote angefurahi. Mluzi hautoki kwenye tuba wala kwa mwimbaji wenu, aniwie radhi. Unatoka ndani ya kopo lenyewe. Kopo la dawa ya viatu limepakwa rangi ndani, rangi nyembamba kama maji, na nilibana waya wa kuunganisha kisanduku na bati juu ya rangi hiyo bila kuikwangua. Waya haugusi bati. Kwa hiyo bati haliko kazini, na kisanduku kinajisikia chenyewe na kulia. Ukikishika, mwili wako unafanya kazi ya ule waya. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mwanafunzi angeligundua hapohapo, maana angesikia. Muuza dawa alisikia. Nilimwandikia jana kumwomba radhi, amekuja leo na kidaftari mfukoni, sasa tunaelewana.

Fungua kopo. Waya mfupi wa kijani umebanwa na skrubu pembeni. Legeza skrubu, kwangua rangi chini yake hadi bati ling'ae, ukubwa wa kifungo kimoja cha mama. Rudisha waya, kaza sana. Washa ukiwa hujashika kitu.

Mimi siwezi kujua kama umekoma. Wewe ndiye utaniambia.

Waya


20 Aprili

Kaka,

Umekoma.

Niliwasha nikakaa nimekunja uso kungoja, hakikuja kitu. Nikadhani betri imekufa. Nikapuliza noti moja ya chini, ile ndefu ya kuanzia, na kioo cha mlango wa mama kikatetemeka chumba cha pili. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Leo tulipeleka vyombo vyote bustanini. Kapteni alianza kutembea kwenda nyuma, akafika kiti cha mwisho, akakipita, akaendelea hadi ukuta wa uzio, akasimama huko na mikono nyuma. Aliporudi aliniuliza ni nani alinitengenezea. Nikamwambia kaka yangu, fundi wa sauti. Niliitamka yote, fundi wa sauti. Lakini mwenye bustani ndiye mwenye neno la mwisho, na jamaa wa gitaa ameambiwa aje na gitaa lake siku hiyo, endapo nitashindwa.

Ni Jumamosi ijayo saa tisa mchana. Njoo na wifi. Nitakuwekea kiti karibu na sanduku la spika, na hutalazimika kuongea na mtu.

Mapafu


29 Aprili

Mapafu,

Nilikuja. Usinikasirikie kwa kuwa hukuniona.

Wifi yako alikuwa na homa kidogo, nikaja peke yangu, na mtu peke yake akiwa hivi nilivyo hawezi kukaa mbele, kila anayepita anamsemesha. Nilikwenda kiti cha mwisho, kwa kuwa ndicho kilichotuhangaisha miezi yote hii. Mwimbaji wenu sikumpata hata neno, niliona mdomo unafunguka na mikono inapanda, kumbe kweli anajiona. Tarumbeta zilinifikia kama mtu anayefagia chumba cha pili. Tuba niliipata yote. Nilikaa nimeinama kama ninayefunga viatu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na mama mmoja pembeni yangu alinipa leso akasema kitu. Nilimshukuru.

Sasa nikuambie la kifundi, kwa kuwa sitaki tena kukusifia ovyo kama nilivyosifia kanda. Wimbo wa tatu. Mwimbaji alipogeuka kuwatazama wapiga tarumbeta, ulichelewa kuingia. Pigo moja. Ukaliziba kwa kuiruka noti ya pili, ukatua kwenye ya tatu pamoja na ngoma kana kwamba ndivyo mlivyopanga. Usiniambie sivyo.

Mwishoni mwenye bustani alipanda jukwaani akaongea. Watu walipiga makofi. Kapteni alijishika kichwa, na kutoka nilipokuwa sikuweza kujua ni furaha au ni maafa. Jamaa wa gitaa alikuwa anafunga mkoba wake, lakini mtu hufunga mkoba akiwa amekosa, na hufunga pia akiwa anajiandaa kusogea mbele. Basi langu lilikuwa linaondoka. Nimesafiri njia nzima nikijiuliza.

Niandikie alisema nini.

Waya


3 Mei

Kaka Waya,

Shikamoo. Alisema tuanze Jumamosi hii, na kila Jumamosi baada ya hapo. Alisema pia kwamba asingependa yule mwanamke wa nyuma abadilishwe, na hapo ndipo Kapteni aliposhika kichwa. Jamaa wa gitaa alikuja kunipa mkono, ni mtu mwema, imeniudhi kidogo. Mpe wifi pole ya homa, mwambie nafasi yake ipo.

Kiti cha mwisho nimemwambia mwenye bustani ni cha fundi wetu. Hakitauzwa.

Kuhusu wimbo wa tatu, ni kweli. Nilichelewa pigo moja, na noti ya pili niliiruka. Kapteni hajui. Mpiga ngoma, aliye mkono wangu wa kushoto, hajui. Mwimbaji hata ukimwambia hawezi kujua. Viti vyote mia mbili vilikuwa vimejaa siku ile, kaka, na aliyesikia ni wewe peke yako.

Mdogo wako,
Mapafu